Nyongo ya Kifua Cheupe

Suoli, Mto Bikin
14 Desemba 1995

Mpwa wangu Kesha,

Mimi ni mzima kuliko wazima wote wa mto huu. Wa kuhofiwa ni wewe na hicho kifua chako. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la magogo, nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Akalia. Nikamwambia, dada Matryona, unalia nini na ndugu yako Prokopi yu hai?

Unasema daktari wa huko Khabarovsk amekuandikia dawa za miezi sita na hospitali haina, ujinunulie. Unasema wanunuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka wanatafuta nyongo ya dubu, ambayo kwao ni dawa, kwa udi na uvumba. Halafu unaniuliza, kwa aibu aibu kama mchumba, eti mjomba anaweza kupata hata moja? Hata moja! Umesahau unaongea na nani?

Sikiliza. Juzi ilikuwa baridi ya kupasua miti. Watu wote wamejifungia, mimi nikatoka peke yangu na bunduki na mbwa, nikapanda mpaka kijito cha tatu. Nikaona mti mnene wenye tundu juu, na pembeni mwa tundu pameganda mvuke mweupe. Nikajua, mle ndani mtu anapumua. Nikaugonga mti kwa mgongo wa shoka mara tatu, kama mgeni mwenye adabu. Hodi, mzee! Kimya. Hodi tena! Akatoa kichwa, akanitazama, nami nikamtazama. Mbwa wangu alizimia, sikudanganyi, alilala chali miguu juu. Risasi moja tu. Ya pili ninayo mfukoni mpaka leo, nakuwekea uje uione.

Alikuwa mkubwa kama jiko la mkate la shule. Na hakuwa dubu wa hivi hivi. Alikuwa na ile alama kifuani, nyeupe kama mwezi wa siku nne. Kifua cheupe, Kesha! Nyongo ya huyo ndiyo wanayoililia. Nimeikausha juu ya jiko, nimeibana kati ya vibao viwili kama alivyonifundisha babu yako. Mafuta yake nimekutilia kwenye chupa, ujipake kifuani na kijiko kimoja unywe asubuhi.

Mnunuzi atataka achomoe kipande adondoshee majini, aone kama kinashuka na uzi wa manjano. Usimruhusu! Maji huua nguvu yake. Mpe barua hii asome, ndiyo cheti chako. Mwambie ni ya Prokopi Peonka, aulize mto mzima.

Fuvu nimelitundika mtini nyuma ya nyumba, kwa heshima zote.

Mjomba wako,
Prokopi


Khabarovsk
9 Januari 1996

Mjomba,

Nyongo na mafuta vimefika salama, na barua pia. Barua nimeisoma mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta kwa jinsi nilivyocheka. Huyo mbwa wako aliyezimia si ndiye aliyemkimbia jogoo?

Mafuta yananisaidia. Sijui niseme vipi, lakini usiku wa tatu nililala bila kuamka kukohoa. Lyuba, mke wangu, anakusalimu, anasema harufu yake ni kama jikoni kwa bibi yake.

Nimekutana na mnunuzi, bwana mmoja anaitwa Guo. Alitaka kuitia majini, nikakataa kama ulivyosema, nikampa barua. Kuna kijana wake anasoma Kirusi, akamtafsiria, na bwana Guo akawa anatikisa kichwa taratibu kukubali. Ilipofikiwa ile alama ya kifuani, bwana Guo akapandisha bei mara mbili bila kuombwa. Kwa hiyo, mjomba, maneno yako yana thamani kuliko nyongo yenyewe. Lakini anataka nimpelekee mwenyewe stesheni ya mpakani mwisho wa mwezi, na barua niwe nayo.

Sasa nina neno, usikasirike. Mama mmoja anayeuza mitishamba sokoni ameniambia hivi: ninyi watu wa mto mnaruhusiwa kumuua dubu kwa chungu chenu. Kumuuza ndiko jela. Na akiwa ni kifua cheupe, yeye ameandikwa kwenye kitabu cha wanyama wanaolindwa, hapo hawahesabu miezi, wanahesabu miaka. Ni kweli? Nami na mapafu haya, unajua jela zetu.

Niambie ukweli tu, mjomba. Kama alikuwa dubu wa kawaida, au kama umeongeza chumvi, niandikie neno moja. Bei itashuka, sitampelekea huko mpakani, nitaiuza hapa hapa kwa vipande. Lakini nitalala.

Kesha


Suoli
20 Januari 1996

Mpwa wangu,

Chumvi? Mimi? Umenichoma mkuki. Kama ile si nyongo ya kifua cheupe basi mimi si Prokopi na mama yako si dada yangu.

Wauza mitishamba wana maneno mengi. Sheria naijua mimi. Sheria ni kama barafu ya mwezi wa kumi na moja, humzamisha anayesitasita. Pita kifua mbele. Wakikuuliza, sema wewe ni mpwa wa Prokopi. Mkuu wa walinzi wa msitu tumekula naye sahani moja, tena mwaka jana nilimwokoa na chui, siku nyingine nitakusimulia.

Nenda, mwanangu. Ununue dawa.

Prokopi


Kizuizini
11 Februari 1996

Mjomba Prokopi,

Barua zinasomwa, kwa hiyo naandika kifupi.

Walinikamata stesheni kabla sijashuka behewani. Bwana Guo hakuonekana. Nyongo walinikuta nayo mfuko wa ndani, na barua yako imeizunguka. Ile barua ndiyo imekuwa kesi. Kapteni Zavyalov, ndiye mpelelezi, ameisoma mbele yangu yote, na askari wakamwita mwenzao aje asikie pale pa mbwa. Walicheka sana. Kisha akaikunja, akasema, “Haya, kijana. Ukiri wote huu hapa, kwa mkono wa mwindaji mwenyewe, mpaka na alama ya kifuani. Mimi nitaongeza nini?”

Wamemleta mtu mmoja mwenye miwani, ameitazama nyongo, amenusa, ameandika “ya dubu”. Nimewaomba waitie majini. Wanasema si kazi yao.

Watakuja kwako. Mjomba, ukiwa na lolote la kusema, waambie hao.

Mama asijue nimeanza tena kukohoa.

Kesha


Suoli
3 Machi 1996

Kesha, mwanangu,

Walikuja. Leo ni siku ya nane naandika barua hii na kuichana.

Walikuja na magari mawili, Zavyalov na mpiga picha. Kijiji kizima kilijaa uani kwangu, mpaka kina Stepanida jirani, mpaka watoto wa shule. Akasimama chini ya ule mti, akaonyesha fuvu, akaniuliza kwa sauti, “Raia Peonka, ni wewe uliyemuua mnyama huyu?” Watu wote wananitazama. Kesha, nilikuwa nimeamka siku hiyo nikiapa nitasema kweli. Mdomo wangu ukafunguka, ukasema, “Ndiyo, kwa risasi moja.” Watoto wakapiga makofi.

Bunduki wameichukua, faini nimepigwa. Jela hapana, kwa sababu mimi ni mtu wa mto na nilisema tulimla. Anayefungwa ni muuzaji.

Sasa soma. Hakuna dubu. Nyongo ile ni ya nguruwe wa Stepanida, aliyechinjwa mapema Desemba kwa ajili ya mwaka mpya. Nilimwomba matumbo ya kumlisha mbwa, nikaitoa humo. Niliikausha na kuibana vile vile tu. Ndiyo maana nilikukataza maji. Ya nguruwe ikidondoshwa majini hutapakaa kama chai, haina uzi.

Na fuvu ni la dubu wa babu yako, wa mwaka sitini na moja. Lilikuwa msituni juu ya mti pale walipolitundika wazee. Nililishusha, nikalisugua kwa majivu kutoa ukungu, nikalipaka mafuta na masizi lionekane la juzi, nikalileta nyuma ya nyumba ili kijiji kiamini. Mama yako aliniona. Akasema, “Prokopi, unamshusha mgeni wa baba? Mrudishe kabla hajajua.” Nikamwambia nyamaza, namtafutia mwanao dawa.

Unajua wazee wetu hawakuwa wakisema nimemuua. Walisema, mzee alitutembelea, tukamvua koti. Walisema wakinong'ona, ndani, na jina lake hawalitaji. Mimi nimelitangaza mpaka stesheni.

Ngoja, nimalize yote. Mimi sijawahi kuua dubu maishani. Yule wa mwaka sitini na moja aliuawa na baba, mimi nilishika mbwa. Wale wengine wote niliokusimulia ukiwa mdogo, wa mtumbwini, wa kwenye mizinga ya nyuki, hawakuwapo. Ulipoomba hata moja, sikujua ningekuambiaje kwamba sina.

Na mafuta pia, Kesha. Ya nguruwe yule yule.

Haya yote nimemwandikia Zavyalov, nimetia sahihi, na Stepanida ametia yake. Waitie tu majini! Tone moja la maji na wewe uko huru. Mama yako hasemi nami. Jana alisema neno moja tu, “Debe tupu,” akaniwekea uji akaondoka.

Prokopi


Ofisi ya Upelelezi
22 Machi 1996

Kwa Raia P. Peonka,

Maelezo yako ya tarehe 3 Machi yamepokelewa.

Ofisi imezingatia kwamba: mwezi Desemba uliandika kwa hiari yako kuwa mnyama ni kifua cheupe, mwezi Februari ulikiri mbele ya mashahidi zaidi ya arobaini, fuvu limepigwa picha, na mtaalamu amethibitisha ni la dubu. Mwezi Machi unasema ni nguruwe. Mkuu wa walinzi wa msitu, tuliyemuuliza kuhusu tabia yako, amesema hujawahi kusema neno la kweli tangu akujue, na kwamba hujawahi kumwokoa na chui. Ofisi inaona maelezo mapya ni ya kumnusuru ndugu.

Kuhusu ombi la kupima kielelezo kwa maji: kielelezo kiliharibiwa na panya katika ghala tarehe 1 Machi. Taarifa ya mtaalamu ya awali inatosha.

Kapteni Zavyalov


Suoli
2 Aprili 1996

Kapteni,

Mimi sikusoma sana, lakini panya nawajua. Panya hali nyongo. Hata akifa njaa hali, ni chungu. Huyo panya wako ana miguu miwili na amevaa buti, tena amekula hasara, maana popote alikoipeleka kuiuza wataitia majini wamcheke.

Njoo unifunge mimi. Niko nyumbani siku zote, bunduki unayo wewe.

P. Peonka


Koloni la Wafungwa
17 Juni 1996

Mjomba,

Miaka mitatu na nusu. Mwanasheria alisoma barua yako ya nguruwe mahakamani na hakimu alitabasamu. Nadhani ilikuwa ndiyo mara ya pekee alipotabasamu siku hiyo.

Sina hasira. Ningekuwa nayo ningekuandikia mapema. Nilikuuliza kama umeongeza chumvi, lakini mjomba, nilikuwa nimeshaonja. Nilijua. Nani alizimia, mbwa? Nilijua na nikapanda treni, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na nilitaka iwe kweli.

Lakini nakuomba jambo, na hili lifanye. Usiandike tena popote kuhusu nguruwe. Hapa tuko sabini katika chumba kimoja. Mtu aliyefungwa kwa nyongo ya nguruwe atachekwa mpaka afe. Mtu aliyefungwa kwa kifua cheupe amepewa kitanda karibu na jiko. Usiku wa kwanza mzee wa chumba, anaitwa Savva Dolgikh, aliniuliza nimefanya nini, nikamsimulia barua yako kama ilivyo, naikumbuka yote. Wakataka tena kesho yake. Sasa nimeishiwa. Nimemaliza wa mtumbwini, nimemaliza wa mizinga. Anayesimulia hupewa sukari na nusu mkate, na mimi nahitaji mkate.

Niandikie dubu, mjomba. Mkubwa. Na mrefu, wa kufika majira ya baridi.

Na kuhusu mafuta usiseme kitu. Mafuta yalinisaidia.

Kesha


Suoli
10 Julai 1996

Mpwa wangu,

Siwezi. Nimekaa mezani siku nne. Nikiandika “nilikuwa peke yangu msituni” mkono unasimama. Maisha yangu yote ulimi ulikuwa unatangulia na mimi nafuata nyuma nikipiga mbio, sasa umelala tu kinywani kama kipande cha nyama baridi.

Nilimwonyesha mama yako barua yako. Alikuwa anapaa samaki. Akaisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaja akakaa. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Akasema, “Kalamu iko wapi? Haya, andika. Dubu yuko mtini.”

Nikamwambia, Matryona, yule hayuko.

“Nimesema andika! Hukuona haya kumwongopea akiwa huru, leo anaumwa unaona haya? Andika. Baridi ilikuwa kali. Wewe umepotea, bunduki imeganda. Ukaona tundu, ukaingia humo ujisitiri, kumbe mna mwenyewe.”

Basi ndivyo ilivyokuwa, Kesha. Niliingia mle mtini kichwa chini miguu juu, nikatua juu ya kitu laini kama godoro la harusi. Likasema, mmh. Nikasema, samahani, mzee, nje ni baridi. Akanusa shingo yangu. Pumzi yake ilikuwa ya moto, ya asali na majani ya mwaka jana. Nikahesabu dhambi zangu, sijafika hata nusu nikasikia anakoroma. Nikalala naye. Kulikuwa na joto mle, mwanangu, joto kama mbavuni mwa mama. Asubuhi nilitaka kutoka. Tundu limezibwa na theluji.

Mama yako anasema nimwongezee dubu ukubwa. Nimemwongezea.

Prokopi


Koloni
2 Desemba 1996

Mjomba, mama,

Sehemu zote sita zimefika. Watu hawagombani tena kabla ya kulala. Savva anampiga anayekohoa wakati wa hadithi, mimi tu ndiye ninayeruhusiwa, na nakohoa sana, inabidi nisimame katikati ya maneno. Sasa wakati mwingine anasoma yeye.

Walipenda pale njaa ilipokubana na dubu akakupa kiganja chake ukilambe kama anavyolamba yeye. Mmoja hapa, muuaji, alilia.

Wote wanauliza jambo moja. Masika yanakuja, theluji itayeyuka, dubu ataamka na njaa ya miezi mitano. Wewe uko mle ndani naye. Je, unatoka? Wamewekeana dau la sigara. Mimi nimesema unatoka.

Damu hutoka kidogo asubuhi. Daktari huja Alhamisi. Dawa hamna.

Lyuba amehama, sijui kaenda wapi. Msimtafute.

Andika haraka.

Kesha


Suoli
28 Desemba 1996

Kesha wangu,

Hii ni ya saba. Tuliiandika usiku na mchana, mama yako na mimi, tuligombana kuhusu mwisho mpaka Stepanida akaja kuamua.

Basi siku hiyo nikasikia tone. To! Likaniangukia puani. Juu, theluji imetoboka, nikaona mbingu ukubwa wa kifungo. Dubu akafumbua jicho moja. Tukatazamana, kama vile nilivyo… kama vile watu wawili waliolala kitanda kimoja majira mazima na hawajaulizana majina. Akajinyoosha, mti wote ukalia. Tumbo lake likanguruma. Nikamwambia, mzee, umenitunza, nami sina cha kukulipa ila hiki nilicho nacho. Akainua mkono wake ule mzito, akauweka hapa begani…

Zilizobaki zinafuata. Karatasi imekwisha dukani, lori linakuja Jumatatu. Waambie wasubiri. Wewe usichoke kusubiri, Kesha, nakusihi.

Mjomba wako


Koloni
6 Februari 1997

Mheshimiwa mjomba wa Kesha,

Hunijui, mimi ni Savva Dolgikh, wa kitanda cha pili kutoka kwenye jiko. Samahani kwa mwandiko.

Kesha hayupo. Alipelekwa zahanati siku tatu kabla ya mwaka mpya, akafariki tarehe 9 Januari. Wamezika wenyewe, kwa namba, hatukuruhusiwa. Barua yako ya saba ilifika tarehe 20. Tulikaa tukafikiri tuirudishe. Halafu tukaisoma, usitukasirikie. Tuliisoma polepole, tukiacha nafasi pale ambapo angekohoa.

Alikuwa akituambia ni kweli tupu, kwamba mjomba wake hajawahi kusema uongo ila mara moja, alipomwandikia kapteni kuhusu nguruwe ili amwokoe. Tuliiheshimu sana habari hiyo.

Sasa tuko sabini hapa, wengine hawatatoka. Tunakuomba, kama moyo unaruhusu. Dubu amekuwekea mkono begani. Halafu?

Savva


Suoli
1 Machi 1997

Savva na wenzako,

Asanteni kwa kumpa kitanda karibu na jiko.

Hakuna dubu. Mti tu ndio upo, kijito cha tatu. Nilikwenda jana na dada yangu kurudisha fuvu la baba mahali pake, nikapitia pale nikachungulia. Ni mtupu.

Nawatumieni samaki wa kukausha, mfuko mmoja, mgawane. Nimewavua mwenyewe chini ya barafu.

Ni wadogo.

Prokopi Peonka